Sindano ya Ngozi Hainunuliwi kwa Namba Peke Yake

Mhadhara kwa mafundi wa viatu, mikoba na viti, Kisumu

Mafundi wenzangu, akina mama wa mikoba, vijana wa viti vya matatu na boda boda, hamjambo. Mwenyekiti amenipa muda mfupi na najua kuna watu wameacha kazi mezani, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Ukienda dukani ukaomba sindano ya ngozi, muuzaji atakuuliza, "Namba ngapi?" Utasema kumi na nane, atakupa, utalipa, utaondoka. Sasa ile namba ni unene tu. Haikuambii kama sindano itaingia kwenye mashine yako, wala haikuambii ncha yake imechongwa vipi. Na kwenye ngozi, ncha ndiyo inayoamua kama mkoba utarudi kwako kwa malalamiko.

Kitambaa kimefumwa. Sindano ya ncha ya mviringo ikishuka, nyuzi zinasogea pembeni, ikitoka zinarudi. Ngozi haina mtande wala mshindio, zile nyuzi za urefu na za upana. Ni nyuzinyuzi zilizosokotana ovyo, zimebanana, hazina pa kusogea. Ukisukuma sindano ya nguo ndani yake, ngozi inang'ang'ania sindano na kuinuka nayo. Hapo uzi hautengenezi kitanzi chini, ile ndoana inayozunguka inapita bila kudaka kitu, na mshono unaruka. Fundi anaanza kulaumu mashine. Analegeza hiki, anakaza kile, siku inaisha, na shida ni sindano.

Sindano ya ngozi ina makali kwenye ncha. Inakata, haisukumi. Lakini ikishakata, imekata. Tundu halizibi tena. Ndiyo maana kufumua mshono wa ngozi ni hasara, na ndiyo maana nataka tukae kidogo kwenye hizi ncha.

Chukua ncha inayoandikwa S. Inakata kufuata mstari wa mshono. Uzi unazama vizuri, mshono unanyooka, unapendeza machoni. Ubaya wake ni kwamba ukishona mishono mifupi, mkato wa kwanza unakutana na wa pili, wa pili na wa tatu, na mkoba unachanika kwenye mstari uleule kama stempu za posta. Ukiipenda S, ongeza urefu wa mshono. Ncha ya P inakata kukingama mshono. Kati ya tundu na tundu kinabaki kipande kizima cha ngozi, kwa hiyo unaweza kubananisha mishono kidogo bila mikato kuungana. Halafu kuna LR, inayokata mshazari, digrii 45 hivi kutoka kwenye mstari. Mishono inalala upande kidogo. Hiyo ndiyo ningempa fundi yeyote wa viatu au mikoba anayetaka aina moja tu kwenye droo yake: haikati kwa kufuata mstari, na ule ulalo wa mishono wateja wengi wanaupenda. Ya pembetatu waachieni watu wa mikanda na ngozi nene iliyokauka.

Wenye cherehani za nyumbani, sindano yenu ina upande bapa kwenye shina. Tafuteni pakiti iliyoandikwa 130/705 H LL. Hizo herufi LL za mwisho ndizo za ngozi. Bila hizo, umenunua sindano ya nguo.

Vijana wa viti, hapa nisikilizeni ninyi zaidi. Reksini si ngozi. Juu ni plastiki, chini ni kitambaa. Ukiishona kwa ncha ya kukata, unakata nyuzi za kile kitambaa cha chini, na kitambaa ndicho kinachobeba uzito wa abiria. Kiti cha boda boda kinaanza kufunguka pale kwenye kona, mwenye pikipiki anasema uzi ulikuwa mbovu. Uzi haukuwa mbovu. Reksini inataka ncha ya mviringo. Kwenye zile mashine ambazo guu, ile sehemu inayokandamiza kazi, linatembea pamoja na kazi, mafundi wanatumia sindano mbili zenye umbo moja kabisa: 135x16 ina ncha ya ngozi, 135x17 ina ncha ya kitambaa. Ukizichanganya kwenye kopo moja, kwa macho ya haraka huwezi kuzitofautisha. Kila aina ikae kwenye pakiti yake. Ikishatoka kwenye pakiti na hujui ni ipi, jaribu kwenye kipande cha ngozi laini na utazame tundu kwa juu: la mviringo au la mkato.

Sasa namba, tuimalize. Kwenye pakiti utaona mbili, kama 100/16. Ile 100 ni kipenyo cha sindano katika sehemu za mia za milimita, yaani milimita moja kamili. 140 ni milimita 1.4. Namba 16 au 22 ni hesabu ya zamani ya kitu kilekile. Na unene hauchaguliwi kwa ngozi kwanza, unachaguliwa kwa uzi. Uzi wa Tex 70 unataka sindano 100 au 110. Tex 90 inataka 110 hadi 125. Tex 135, ule mnene wa mikoba ya kubeba vitabu, anza na 140. Tex ni gramu za uzi katika mita 1,000, kwa hiyo namba ikipanda uzi unanenepa.

Kuna mafundi wanaweka uzi mnene kwenye sindano nyembamba ili tundu lisionekane. Fundo la mashine, pale uzi wa juu na wa bobini wanapokumbatiana, linatakiwa lijifiche katikati ya unene wa ngozi. Tundu likiwa dogo fundo haliingii, linabaki nje kama punje chini ya kazi. Unakaza uzi wa juu, unakatika. Jaribio ni rahisi: tunga kipande cha uzi kwenye sindano ukiwa umeishika mkononi, shika uzi kwa ncha mbili, uuinamishe. Sindano iteleze yenyewe kushuka. Ikikwama, ni nyembamba. Na ukiruka kutoka 90 hadi 140 kwa mpigo mmoja, zungusha gurudumu kwa mkono kwanza, taratibu, uone kama sindano inagusa ile ndoana ya chini. Ikigusa, usiwashe mota.

Tuje kwenye mbuta, maana tuko Kisumu na wapo hapa wanaofanya kazi na ngozi yake. Samaki huyu aliletwa ziwani miaka ya 1950, viwanda vinachukua minofu, ngozi inabaki. Ikichakatwa vizuri ni nyembamba lakini ngumu kuchana kwa mkono, kwa sababu nyuzinyuzi zake zimepishana. Tatizo ni vile vifuko vilivyobaki baada ya magamba kutoka. Midomo ya vifuko hivyo inaangalia mkiani, na guu la mashine likija kinyume linaiinua na kuikunja. Anzia mshono upande wa kichwa uelekee mkia. Sindano 90, ncha ya kukata, uzi wa Tex 45. Usitumie pini, tumia klipu. Ukitumia gundi, iache ikauke sawasawa kwanza. Gundi mbichi inapanda na sindano, inaziba tundu, mshono unaanza kuruka.

Wanaoshona kwa mkono nitawapitia haraka, maana wengi wenu mnaijua kazi hiyo kuliko mimi. Namba za sindano za mkono zinakwenda kinyume: kubwa ni nyembamba, namba 4 ni nyembamba kuliko namba 1. Kwa mshono wa uzi mmoja na sindano mbili, tumia zenye ncha butu. Tundu limeshatobolewa na msharasi, kile chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi. Sindano ya pili inapita tundu lilelile, na ikiwa na makali itatoboa uzi wa kwanza ukiwa humohumo. Yenye ncha ya pembetatu ni ya ngozi laini ya mbuzi isiyohitaji msharasi.

Mzee wangu pale nyuma umeinua mkono muda mrefu. Anauliza juu ya Singer 29K, ile ya viraka: mbona mshono ukienda mbele unanyooka, akiugeuza kwenda pembeni unalala?

Mzee, mashine hiyo guu lake linazunguka pande zote, ndiyo sifa yake. Lakini sindano haizunguki. Imekaa kuangalia upande mmoja siku zote, na makali yake pia. Mkato uliofuata mstari ulipokuwa unaenda mbele, ukigeuza guu kwenda kulia unakuwa umekingama mstari. Sindano ni ileile, ila kwenye mshono ni kama umebadilisha aina ya ncha. Kwa hiyo ukizunguka kiraka chote, refusha mshono kidogo kwenye ile pande ambayo mikato inafuatana. Na omba dukani kwa jina: 29x3 ndiyo ya ngozi, 29x4 ni ya kitambaa. Ukishona bitana au turubai, weka 29x4.