Bend Or Alizaliwa na Nani? Mhadhara Kuhusu Mitokondria na Koo za Kukeni za Farasi wa Mbio

Kila tunapozungumzia asili ya farasi wa mbio, watu hukimbilia madume watatu: Darley Arabian, Godolphin Arabian na Byerley Turk. Majike je? Kitabu cha nasaba cha Uingereza kilianza kuchapwa miaka ya 1790. Bruce Lowe wa Australia akazipa koo za kukeni namba, na kazi yake ikachapwa 1895. Tangu hapo namba hizo zinatajwa kana kwamba zilipimwa. Hazikupimwa! Zilinakiliwa karatasi kwa karatasi, na palipokosewa mara moja, kosa likarithiwa.

Twende Epsom, Uingereza, 1880. Bend Or anashinda Derby, mbio kubwa ya farasi wa miaka mitatu, mpanda farasi Fred Archer mgongoni, na Robert the Devil ni wa pili. Wenye Robert the Devil wanaweka pingamizi: huyu si Bend Or, ni Tadcaster, walibadilishwa wakiwa wadogo. Wote wawili wekundu, wote watoto wa dume mmoja, Doncaster. Kitabuni Bend Or ni wa Rouge Rose, ukoo namba 1. Tadcaster ni wa Clemence, ukoo namba 2. Pingamizi likatupwa.

Tazameni ugumu wa swali. Kromosomu Y, ambayo dume huipata kwa baba, haisaidii, baba ni mmoja. Rangi haisaidii. Kinachowatenganisha ni mama, na mitokondria, viungo vidogo vya kuzalisha nishati ndani ya seli vyenye DNA yake, hurithiwa kwa mama. Mifupa ya farasi yule iko Makumbusho ya Historia ya Asili, London. Ilipopimwa, zaidi ya karne moja baadaye, haikulingana na ukoo wa Rouge Rose. Ililingana na wa Clemence.

Mtu atasema: Bend Or ni dume, mitokondria inamhusu nini? Inamhusu sana. Dume anayo ya mama yake mfupani, kwenye jino, kwenye singa. Asichoweza ni kuirithisha. Kwa hiyo mwanawe Ormonde, aliyetwaa mataji matatu (mbio tatu kuu za Uingereza) 1886, ana mitokondria ya Lily Agnes, na haiguswi na kesi hii. Kinachobadilika kwake ni bibi wa upande wa baba.

Sasa kazi yenyewe ya kupima ukoo. Ng'oa singa 20 hadi 30 za shingoni au mkiani pamoja na mashina yake. Usikate: DNA nzuri iko shinani. Tia kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hushika unyevu na kuotesha ukungu. Molekuli nzima ya DNA ya mitokondria ina herufi (A, C, G na T) zipatazo 16,660, lakini wengi husoma kipande cha D-loop, sehemu isiyobeba jeni, cha herufi kama 250 kuanzia namba 15,494. Kipande hicho hubadilika haraka, ndiyo faida yake, ila koo mbili zinaweza kufanana hapo na kuachana kwingine. Jirani yake kuna GTGCACCT inayojirudia mara nyingi, na idadi ya marudio hutofautiana hata ndani ya farasi mmoja. Usiihesabu kamwe.

Kwa mfupa wa kale, kwangua tabaka la juu kabla ya kutoboa ili kupata unga. DNA yake imekatika vipande vifupi, na C za mwishoni husomeka T. Endesha mirija mitupu, isiyo na unga wa mfupa, sambamba; mtupu ukitoa DNA ya farasi, tupa fungu zima.

Na hili nalirudia kila mahali, kwa sababu watu bado wananiletea majibu ya farasi mmoja: farasi mmoja hathibitishi ukoo! Chukua wazao wa mabinti wawili wa jike yuleyule, kukeni mfululizo, matawi yaliyoachana mapema. Wakilingana, umemsoma jike mwenyewe. Wakitofautiana kwa herufi moja, huenda ni badiliko la kawaida. Zikiwa saba au nane, karatasi imevunjika mahali. Ongeza tawi la tatu, kisha panda kizazi kwa kizazi hadi uone pa kuvunjikia. Utafiti uliochapishwa 2002 ulikuta koo kadhaa zenye farasi wa namba ileile wasiolingana.

Kuhusu nchi za asili nitakuwa mfupi. Makundi makuu ya mitokondria ya farasi yaliyotajwa 2012 ni 18, A hadi R, na yamesambaa Asia na Ulaya, hivyo herufi ya kundi haikupi nchi. Linganisha haplotaipu kamili, yaani mpangilio wote wa herufi uliorithiwa kwa pamoja, inavyojitokeza katika kila jamii ya farasi. Ilipofanywa hivyo, majike wa kienyeji wa Uingereza na Ireland walionekana kuchangia sehemu kubwa, pamoja na wale wa mashariki.