Popo Chini ya Mikorosho
(Mhadhara kwa walimu na wazazi, Masasi)

Walimu wenzangu, nanyi wazazi mlioacha mashamba asubuhi hii, asanteni. Wanaonifahamu wanajua ninachokuja kusema: sifa za wanyama mtoto azijifunze kwa kucheza. Kwa hiyo salamu zitoshe.

Juzi nimeshika daftari la mtoto wa darasa la nne. Kaandika: popo ana sifa za kuishi gizani. Kapigiwa vema. Nikamuuliza, sifa zipi? Akajibu, "Za kuishi gizani." Jamani!

Tulitoka na watoto arobaini hadi chini ya mikorosho. Binti mmoja tukamfunga macho kwa kipande cha kanga, akawa popo. Watano wakawa nondo. Waliobaki wakashikana mikono kuwazunguka, wakawa pango. Popo akiita "Popo!", kila nondo aitike "Nondo!" papo hapo. Popo anayekula wadudu hutoa sauti nyembamba mno, masikio yetu hayaipati. Sauti inamgonga mdudu, inarudi, na kwa mwangwi huo anajua windo liko wapi.

Mwanzo binti alipapasa hewa kama mtu anayetafuta kiberiti usiku. Akaita, akangoja, akaparamia ukuta wa pango. Kisha, bila kufundishwa na mtu, kila akimkaribia nondo akaanza kuita mfululizo: popo-popo-popo! Nilisisimka mwili mzima. Popo wa kweli hufanya hivyo hivyo. Akikaribia windo, milio yake husongana.

Nondo mmoja, mtukutu wa darasa, akajitupa kifudifudi. Wenzake wakapiga kelele, anaiba mchezo! Sikumtoa. Wapo nondo wenye masikio, wakimsikia popo hujiangusha namna ile ile.

Tukiwa tunapumzika, mtoto wa nyuma kabisa akauliza: "Mwalimu, mbona wale wanaokula mabibo yetu hawakimbizi wadudu?" Swali hilo halimo kitabuni. Tukalijibu pale pale: popo wa matunda wengi hutegemea macho na pua, kwa sababu bibo halikimbii.

Najua mtaniambia mtihani hauulizi kukimbia. Mkaguzi mmoja aliniambia hivyo hivyo, filimbi ikiwa mdomoni mwangu. Mpeni binti yule karatasi leo, aeleze popo anavyowinda, halafu mje tubishane. Na msiniambie vifaa hakuna. Kombolela inahitaji kifaa gani? Watoto wanaicheza kila jioni. Mvalishe mmoja kaki, mwingine nyekundu, wajifiche kwenye majani makavu. Jinsi madoa ya chui yanavyomficha, umeshafundisha.

Muda unanibana. Duma na mbwa mwitu, kwa kifupi: kundi moja likimbie kwa nguvu zote hatua hamsini, lisimame. Jingine likimbie polepole bila kusimama, mizunguko mitano ya uwanja. Duma hufikia kilomita 100 kwa saa, lakini hachukui muda anachoka. Mbwa mwitu huweza kumfuata swala mbali, hadi swala aishiwe pumzi.

La tembo nilitaka nilikalie, maana ndugu zetu wa Liwale wanalala macho wakilinda mashamba. Tembo hunusa mtu kabla ya kumwona. Mtoto ajue upepo unavuma kutoka wapi: arushe vumbi kidogo, aangalie linaelekea wapi. Huo nao ni mchezo.

Maswali baadaye. Kanga ninayo hapa, mikorosho ile pale nje. Nataka popo mmoja na nondo watano, na wazazi wa mstari wa mbele ndio mnaoanza.