Jinsi ya Kupanga Faili la Ndoa kwa Viza ya Mke au Mume

Assalamu alaikum, hamjambo nyote. Leo tuko dukani, hapa Malindi, na feni nimeizima makusudi ili karatasi zisiruke. Mkiniona natokwa jasho msiulize.

Swali mnaloniletea kila wiki ni lile lile: "Dada, bwana yuko Marekani, nikaha imesomwa, sasa wanataka ushahidi kuwa ndoa ni ya kweli. Ushahidi gani tena, na mtaa mzima ulikula pilau?" Pilau lililiwa, sikatai. Lakini ofisa atakayefungua faili lako hakualikwa. Hamjui baba yako, haijui mitaa yetu ya Barani wala Shela, na karatasi utakazompa ndizo atakazokujulia.

Nitakwenda na mfano wa Marekani kwa sababu ndio ninaoletewa zaidi. Mimi si wakili. Nina duka la fotokopi, skani, picha za pasipoti na tafsiri. Sheria ikikaza, muone wakili. Ila kupanga faili napenda, wallahi. Mtu akiniletea mfuko umejaa risiti, mimi nafurahi.

Fomu tuzipitie mbio. I-130, ile ya kumuombea mke au mume, hujaza aliyeko Marekani, raia au mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu. Wewe wa huku una I-130A, ya maelezo yako. Picha moja ya kila mmoja, inchi 2 kwa 2, pazia jeupe, ipigwe ndani ya siku 30 kabla ya kupeleka. Hijabu ruhusa, uso wote uonekane, miwani uvue. Basi, tumemaliza hiyo.

Sasa cheti. Karatasi mliyopewa na maalim siku ya nikaha iwekeni, lakini inayohitajika ni cheti cha serikali. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, za Kiislamu pia. Waliofunga bomani, ile notisi ya siku 21 ya kutangaza ndoa hifadhini nakala yake pamoja na risiti za eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Watu wanazitupa, na huo ni ushahidi usiokugharimu kitu.

Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, ofisa atataka kuona ndoa ile iliishaje. Mliachana kwa mdomo mbele ya wazee? Nenda mahakama ya Kadhi ikaandikishwe. Aliyefiwa, cheti cha kifo. Na dada yangu, kama wewe ni mke wa pili na wa kwanza bado yumo ndani, Marekani hawakutambui kwa viza hii. Nakwambia leo, usije ukaambiwa dirishani.

Halafu, tafadhali: cheti kisipigwe laminesheni. Mashine ile hapo nyuma yangu ni yangu, inaniletea riziki, na bado nakukataza. Kikitakiwa muhuri wa kuthibitishwa wizarani, wataugonga juu ya plastiki? Ukianza kuichuna kwa wembe, wino unatoka nayo.

Sogezeni viti, hapa ndipo penye kazi.

Nikaha yetu sisi mnaijua. Bwana harusi yuko msikitini, kashikana mkono na walii. Bibi harusi yuko nyumbani na hina yake, habari anaipata kwa vigelegele. Au bwana yuko Marekani kabisa, kamuwakilisha nduguye. Kwa dini, ndoa imepita. Sheria ya uhamiaji ya Marekani yasema hivi: ndoa ambayo wawili hawakuwa mbele ya kila mmoja wakati ikifungwa haihesabiki, isipokuwa kama baada yake walilala pamoja kama mume na mke. Baada yake, si kabla! Mlikuwa marafiki miaka mitano, alikuja likizo mara ngapi sijui, hiyo inasaidia kuonyesha mnajuana, lakini kwa kipengele hiki haisaidii. Kinachotakiwa ni karatasi yenye tarehe inayofuata tarehe ya nikaha.

Karatasi gani? Muhuri wa kuingia Kenya kwenye pasipoti yake. Ile idhini ya eTA, ya mgeni kuingia Kenya, kwa waliokuja kuanzia Januari 2024. Tiketi ya ndege, tiketi ya treni ya SGR, stakabadhi ya nyumba ya wageni yenye majina mawili. Na hakuna anayetaka picha za chumbani, naomba mnielewe, kuna watu huniletea simu na mimi nageuza uso. Stakabadhi ya Watamu, usiku tatu, majina mawili: ofisa ni mtu mzima.

Nairudia kwa wanaoangalia huku wanapika. Angalia tarehe ya nikaha kwenye cheti. Tafuta karatasi za baada ya tarehe hiyo. Ziweke mbele kabisa, kabla ya picha za harusi. Kama nikaha ilisomwa yeye akiwa kule, basi safari yake ya kwanza kuja huku ndiyo moyo wa faili lako, usiifiche ukurasa wa arobaini.

Tiketi na risiti za karatasi laini hizi, angalieni, hii ilikuwa na maandishi. Joto la hapa linayafuta. Zipige skani siku ile ile.

Picha. Mkiniletea picha themanini za siku moja, mmenionyesha harusi, na harusi ya kukodi ipo. Mimi napenda kumi na tano hadi ishirini, zilizotawanyika: moja ya posa, mbili za nikaha, Idi mkiwa kwa mama mkwe, mazishini, hospitalini mtoto alipozaliwa, hata ile mmechoka mko stendi mnasubiri matatu ya Mombasa. Hizo za stendi nazipenda kuliko za studio. Kila picha iandikwe chini: tarehe, mahali, nani ni nani. "Mimi na shemeji" haitoshi, shemeji ana jina.

Na nawajua watu wangu, mtasema: kupamba kwetu, ile sherehe ya wanawake watupu ya bibi harusi, simu huachwa mlangoni, picha za bibi harusi sina. Vizuri, usizitafute. Faili hili litapita mikononi mwa watu wengi, wanaume kwa wanawake. Weka picha ambazo baba yako akiziona hutashtuka. Bwana akiwa na wakwe zake barazani, kahawa na halua mezani, ni ushahidi mzuri tu.

Ngoja, kamera imehama. Nani kagusa meza? Haya, sasa mnaiona simu? Bado ukungu... sasa sawa.

WhatsApp. Hapa ndipo mafaili ninayoletewa yanapoharibikia, kwa hiyo nitakuwa msumbufu. Kwanza jina. Mumeo umemuandika "Roho Yangu" na maua matatu. Ofisa atajuaje Roho Yangu ni nani? Badilisha, andika jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti. Ukimaliza mrudishie maua yake. Halafu fungua ule ukurasa wenye namba yake, piga skrinshoti moja iwe ya kwanza.

Pili, tarehe. Ona hapa juu ya ujumbe: imeandikwa "Leo". Ukipiga skrinshoti hii, miezi sita baadaye "Leo" ni lini? Ukurasa huo haufai kitu. Panda juu kidogo: "Jana". Haufai. Panda tena: "Jumatatu". Jumatatu ipi? Haufai! Panda mpaka ufikie maongezi yaliyopita wiki, hapo inatokea tarehe kamili na mwaka. Hiyo ndiyo unapiga. Sasa kosa lingine: unapiga, tarehe ilikuwa juu, umeteleza kidole, imefichika nyuma ya jina. Angalia kila skrinshoti kabla ya kuendelea na nyingine. Jina lipo? Tarehe kamili ipo? Piga. Inayofuata. Jina? Tarehe? Msiharakishe hapa, nawaomba. Leo na Jana si tarehe.

Na kama mmewasha ujumbe wa kujifuta wenyewe, zimeni sasa hivi, kabla video haijaisha.

Chagua kurasa chache za kila mwezi, tangu mlipoanza mpaka sasa. Na mashairi ya mapenzi yasizidi. Kinachonishawishi mimi ni "umelipa stima?", "mama anaendeleaje na pressure", "mtoto kakataa uji". Mtu anayedanganya ndoa haketi akagombana juu ya uji. Kumbuka vilevile kila ulichopeleka kwa Kiswahili lazima kitafsiriwe kwa Kiingereza, chote, na mfasiri aandike kuwa tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha, aweke jina na sahihi. Kurasa mia nane utamlipa nani? Mimi bei yangu ni kwa ukurasa, sikatai biashara, lakini nawahurumia.

[Adhana.] Tusimame kidogo.

Tumerudi. Pesa. Kama mnaishi mbalimbali, akaunti ya pamoja huenda hamna, na mkataba wa nyumba una jina lako peke yako. Basi onyesheni pesa zinavyotembea. Risiti za anachotuma, na upande wako taarifa ya M-Pesa. Ile PDF huja imefungwa kwa namba ya siri. Wewe unaifungua kwako, unaona sawa, unaituma vile vile. Ofisa hana namba yako! Ifungue, ichapishe upya iwe PDF isiyo na kufuli, kisha jaribu kuifungua kwenye simu ya mtu mwingine. Miamala yake itie rangi ya njano. Karo ya mtoto, kodi, dawa za mama mkwe, andika pembeni ni za nini.

Majina sasa, nitakwenda haraka ila msilale. Kitambulisho Mohamed, cheti cha ndoa Muhammad, pasipoti Mohammed. Au cheti kimeandika "binti Ali" na kitambulisho kina jina la babu. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Nenda kwa wakili mfanye kiapo kinachotaja namna zote za jina, na kiende pamoja na cheti.

Barua za mashahidi. Mbili au tatu, kwa anayewajua kweli: walii, jirani, mwenye nyumba. Aandike jina kamili, anwani, tarehe na mahali alipozaliwa, na amewajuaje. Msichape barua moja mkabadilisha majina, inaonekana kwa macho. Mzee aachwe aseme kwa Kiswahili chake: nani alileta posa, mahari yalijadiliwa barazani kwa nani, bwana alipokuja alilala wapi. Halafu tutafsiri.

Kuna wale wanaoninong'oneza: "Nipangie tu, ndoa yenyewe ni ya makaratasi." Mlango ule pale. Marekani adhabu ya ndoa ya udanganyifu ni kifungo hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000, na ukishabainika, hata ukija kuolewa kwa haki siku nyingine maombi yako yanazuiwa.

Wa Uingereza: wao pia wanapima kama ndoa ni ya kweli na inaendelea, kwa hivyo tarehe na karatasi ni zile zile. Kwa maombi mapya kuanzia tarehe 11 Aprili 2024, kipato cha chini cha aliyeko kule kiliwekwa pauni 29,000 kwa mwaka, na wewe wa Kenya unapimwa kifua kikuu. Wenye waume Waitaliano, nawaona mko wengi hapa mjini, ndoa yenu iandikishwe kwenye manispaa ya bwana kupitia ubalozi. Hiyo ni video nyingine, ina safari zake.

Kupanga sasa, mimi nafanya hivi. Ukurasa wa kwanza orodha ya vilivyomo. Kisha cheti, karatasi za baada ya nikaha, watoto kama wapo, pesa, safari, picha, maongezi, barua. Kila ukurasa namba chini kulia. Skani ziwe za rangi, kurasa zisimame wima, jina la faili liseme kilichomo, si "IMG" na tarakimu kumi. Unapeleka nakala, vyeti asili unabaki navyo mpaka siku ya mahojiano Nairobi, navyo vinakwenda na wewe kwenye mkoba wa mkononi. Usiviweke chini ya basi.

Na msiache kukusanya mkishatuma. Kama siku unayoingia Marekani ndoa haijafika miaka 2, kadi ya kijani utakayopewa ni ya masharti, ya miaka 2, na ndani ya siku 90 za mwisho mtaomba kuondolewa masharti kwa fomu I-751. Wataomba ushahidi tena, safari hii wa maisha ya kule: nyumba, benki, bima.

Oh, stima imekatika. Simu ina chaji kidogo, basi maswali andikeni hapo chini. Duka liko wazi mpaka saa moja jioni, Ijumaa nafunga wakati wa swala, na wanaokuja kwa picha za inchi 2 kwa 2 msivae nguo nyeupe, mtapotea kwenye pazia.