UBE3A: jeni ya mama inapokosekana

Ndugu wasikilizaji, seli hutengeneza protini usiku na mchana, na kila protini ina siku yake ya kuondolewa. Inayotakiwa kuondoka hubandikwa alama, nayo ni protini ndogo ya asidi amino 76 iitwayo yubikwitini. Kisha huingizwa kwenye proteasomu, kinu kinachoisaga vipande vipande. Ciechanover, Hershko na Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kuifumbua siri hii.

Sasa, nani huchagua protini ya kubandikwa? Viko mamia ya vimeng'enya vya kazi hiyo. Kimoja hutokana na jeni UBE3A, iliyoko kwenye kromosomu ya 15.

Jeni nyingi tunazirithi mbilimbili, ya mama na ya baba, na zote hufanya kazi. UBE3A ni tofauti. Katika seli za neva za ubongo, ya mama peke yake ndiyo huamka. Ya baba ipo, nzima kabisa, ila imenyamazishwa. Ya mama ikipotea, hakuna wa kuziba pengo. Mtoto huchelewa kukaa na kutembea, maneno hayaji au huja machache mno, kifafa humsumbua, usingizi huwa haba, naye hucheka mara kwa mara. Daktari Harry Angelman wa Uingereza alieleza habari za watoto 3 wa namna hii mwaka 1965, na ugonjwa ukachukua jina lake. Jeni yenyewe ilikuja kutambuliwa 1997.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Kusema "jeni ya mama" si kumlaumu mama. Mara nyingi kipande cha kromosomu hukatika chenyewe yai linapoundwa. Hakuna alichokula wala alichofanya.

Protini ya UBE3A ina jina lingine, E6AP, maana yake ile inayoshikamana na E6. E6 ni protini ya virusi vya papiloma, hasa aina ya 16 na 18. Virusi hivyo huiteka E6AP na kuilazimisha ibandike alama kwenye p53, mlinzi anayeizuia seli yenye DNA iliyoharibika isigawanyike. Mlinzi akisagwa, seli huzaana bila breki, na hiyo ni njia mojawapo kuu ya saratani ya mlango wa kizazi. Kwa hiyo kimeng'enya kilekile kikikosekana ubongo huumia, na kikitekwa saratani huota. Chanjo ya papiloma huvizuia virusi visipate nafasi ya kukiteka.

Tuirudie jeni ya baba. Kinachoinyamazisha ni uzi mrefu wa RNA, yaani nakala inayotolewa kwenye DNA, unaosomwa kinyumenyume juu yake. Mwishoni mwa 2011 watafiti walitangaza kwamba topotecan, dawa ya saratani, iliiamsha katika neva za panya. Tangu hapo zimetengenezwa dawa zinazoulenga uzi huo wenyewe, na baadhi yake tayari zinajaribiwa kwa watoto.