"Mwalimu, Hao Si Wenzetu?"

Asalamu aleikum. Na kwa ndugu zangu wa upande wa kanisa, Bwana asifiwe. Shikamooni wazee.

Juzi nilipita barazani kunywa kahawa, nikawadokezea wazee kwamba leo nitazungumza juu ya Wayunitari, Wakristo wanaokataa Utatu. Wanasema Mungu ni mmoja, basi, na Yesu ni mwanadamu. Mzee mmoja akakitua kikombe chake. "Mwalimu, hao si wenzetu?" Nikamwambia njoo usikilize. Naam, namwona pale mbele, amekuja.

Nianzie hapa hapa Malindi. Mwaka 1542 meli ya Wareno iliyokuwa safarini kwenda Goa, India, ilipita mji huu, na ndani yake alikuwamo padri Francis Xavier. Katika barua aliyoandika baadaye anasimulia mazungumzo yake na mkubwa mmoja Mwislamu wa hapa. Yule bwana alisikitika kwamba mji una misikiti 17, lakini inayosaliwa ni mitatu tu, tena kwa watu wachache. Akauliza, je, na kwenu hali ndiyo hiyo? Padri akamjibu kwamba Mungu hapokei sala za makafiri. Hawakukubaliana, wakaachana, kila mtu na lake. Msidhani Wareno walikuwa wapole. Mombasa waliitia moto mwaka 1505. Lakini siku ile, watu wawili walibishana juu ya Mungu, na kila mmoja akarudi salama alikotoka.

Miaka 11 baadaye, huko Ulaya, mtu mwingine hakurudi. Michael Servetus alikuwa Mhispania, tabibu hodari, miongoni mwa wa kwanza Ulaya kueleza jinsi damu inavyopita kwenye mapafu. Alikuwa kijana wa miaka kama 20 alipochapisha kitabu, mwaka 1531, akisema Utatu haumo katika Biblia. Kurani pia aliisoma na kuitaja katika hoja zake. Tarehe 27 Oktoba 1553 alichomwa moto akiwa hai nje ya mji wa Geneva, mji wa Calvin, kiongozi wa Waprotestanti. Wakatoliki nao walikuwa wamekwisha kumhukumu, kwa hivyo hapo pande zote mbili zilipatana!

Sasa twendeni Transylvania, nchi ambayo leo imo ndani ya Romania. Mfalme wake, John Sigismund, alitawala chini ya kivuli cha Sultani wa Uturuki, akimlipa ushuru. Mhubiri wake mkuu, Ferenc Dávid, alianza Mkatoliki, akawa Mluteri, akawa wa Calvin, mwisho akafika kwa Mungu mmoja. Januari 1568 bunge lilikutana mji wa Torda na kupitisha sheria: kila mhubiri ahubiri Injili anavyoielewa, watu wasilazimishwe kumpokea wasiyemtaka, wala mtu asifungwe kwa mafundisho yake, kwa sababu imani ni kipawa cha Mungu. Wayunitari wanaihesabu siku ile kama sisi tunavyohesabu Maulidi.

Lakini mimi nilifundisha historia miaka mingi, na sipendi kupaka sukari. Sheria ile haikuwafikisha Waorthodoksi daraja moja na wengine, na hao ndio waliokuwa wengi mashambani. Na mfalme alipofariki 1571, mrithi wake akaleta sheria nyingine mwaka uliofuata: imani zilizokwisha kukubaliwa zibaki, ila asitokee mtu na jambo jipya. Dávid akatokea nalo. Alisema, ikiwa Yesu si Mungu, basi tusimwombe. Mantiki iliyonyooka, sivyo? Hata baadhi ya wenzake wakaona amepita mpaka, akashtakiwa. Alikufa 1579 gerezani katika ngome ya Déva. Yeye aliyeitetea ruhusa ya kuuliza, swali lake moja la ziada lilimfunga.

Kanisa lake lipo mpaka leo, wanasali kwa Kihungari.

Poland walikuwapo pia, mji wa Raków, wakafukuzwa nchini kwa amri ya mwaka 1658. Uingereza kukana Utatu kulikuwa kosa la jinai hadi 1813. Huko Marekani, Wayunitari wakakutana na Wauniversalisti, hao ni wengine: wao hoja yao ni kwamba Mungu hatamwacha mja wake hata mmoja motoni milele. Makundi haya yaliungana 1961. Wana mzaha wao wa zamani: Muuniversalisti anasema Mungu ni mwema mno kunitia motoni, Myunitari anasema mimi ni mwema mno kutiwa motoni.

Linalonigusa mimi zaidi ni wale ambao hawakupelekewa dini hii na mtu. Katika milima ya Khasi, kaskazini-mashariki mwa India, kijana Hajom Kissor Singh alisomeshwa na wamisionari kutoka Wales. Mafundisho ya moto yakamkataa moyoni. Akafikia imani ya Mungu mmoja peke yake, ndipo akasikia kwamba kuna watu mbali wenye fikira kama hizo, akaandikiana nao barua. Mwaka 1887, akiwa na miaka 22, aliongoza ibada ya kwanza mjini Jowai, kwa Kikhasi, na nyimbo akazitunga mwenyewe. Ufilipino, kisiwa cha Negros, Toribio Quimada naye alijenga kanisa la Wauniversalisti katika miaka ya 1950 kati ya wakulima maskini. Aliuawa Mei 1988.

Sasa, mzee wangu, nikujibu. Si wenzetu. Wa Transylvania ni Wakristo, wana katekisimu, mkate na divai. Wa Boston, yaani wale wa Marekani walioungana 1961, hawana shahada ya imani hata moja. Benchi moja utakuta anayeamini Mungu, asiyeamini, na Mbudha. Tukiwadai kuwa wetu, tutakuwa hatukuwasikiliza.

Kuna ibada yao moja niwaeleze. Mwaka 1923, mjini Prague, mhubiri wao Norbert Čapek aliwaambia waumini kila mtu aje na ua. Yakakusanywa yote pamoja, na wakati wa kutoka kila mmoja akachukua ua ambalo si lake. Wanazi walimuua Čapek mwaka 1942, lakini ibada ile bado hufanywa nchi nyingi.

Naona mkono umenyooshwa kule nyuma. Haya, binti, uliza.