Msimu wa kuzaa wa nyumbu huamuliwa Mei

Ndugu wahifadhi, na nyinyi waongoza watalii, tuanze na hesabu. Ndama wanaozaliwa Ndutu, kwenye nyanda za kusini za Serengeti, mwezi Februari, mimba zao zilitungwa kati ya Mei na Juni mwaka uliotangulia, maana nyumbu hubeba mimba miezi minane na kidogo. Kwa hiyo anayetaka kuuelewa msimu huu asianzie kwenye nyasi za Februari. Aanze na hali ya jike masika yanapokwisha.

Wakati huo jike ametoka kula nyasi changa kwa wiki nyingi, na mwili una akiba ya mafuta. Aliyekonda huchelewa kuingia joto, yaani kuwa tayari kupandwa na dume, au hashiki mimba kabisa. Kule Ulaya, paa wekundu huongozwa na siku zinazofupika. Serengeti iko karibu na ikweta, tofauti ya urefu wa mchana kwa mwaka mzima haifiki nusu saa, hivyo mwanga pekee ni ishara hafifu. Chakula kina uzito zaidi, na milio ya madume nayo ina nafasi yake: majike waliotengwa na madume, wakasikilizishwa milio iliyorekodiwa, waliingia joto kwa kukaribiana kuliko wasiosikia kitu.

Kukaribiana huko ndiko kunakookoa ndama. Takriban asilimia 80 huzaliwa ndani ya wiki tatu hivi. Fisi na simba hula wakashiba, na bado ndama wengi wanabaki. Anayezaliwa wiki nyingi baadaye hana wingi huo wa kumficha.

Sasa, kwa nini nyanda za kusini? Udongo wake ni majivu ya volkano za Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Nyasi zake ni fupi lakini zina kalsiamu na fosforasi nyingi, madini ambayo jike anayenyonyesha huyapoteza kila siku kwenye maziwa. Tena uwanda uko wazi, adui huonekana kutoka mbali.

Vuli zikikosekana, hapo ndipo mambo huharibika. Mimba haisubiri mvua. Nyasi za kusini hazioti, maji hakuna, na jike huzaa kwenye nyasi ndefu au vichaka ambako simba hujificha. Maziwa hupungua, ndama hudhoofika, na mama aliyekonda anaweza kukosa joto la Mei inayofuata. Ukame mmoja hugusa uzazi wa miaka miwili, na jambo hili tunalisahau mno tunapohesabu ndama.

Waongoza watalii, hili ni lenu. Ndama husimama ndani ya dakika chache tu, kisha hufuata chochote kikubwa kinachotembea mbele yake, hata gari. Akipotezana na mama, majike wengine humfukuza, hawamnyonyeshi. Ukiona jike amelala ubavu na miguu ya ndama imechomoza, simama mbali, zima injini, usipite kati ya jike na kundi. Ndama akikufuata, usiondoke kwa kasi. Simama, umpe mama nafasi ya kumfikia.

Nanyi mnaosoma vipima mvua, tarehe ya ndama wa kwanza iandikeni pamoja na mvua za vuli, na pia za Machi hadi Mei za mwaka uliotangulia.