Mifugo ya Iman

Walionisikia mwaka jana wanaijua hadithi hii. Wavumilie, wenzao hawaijui.

Mwaka 1975 mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, alimwona binti wa Kisomali njiani Nairobi, akamwomba ampige picha. Binti akataka alipiwe ada ya chuo. Msiipite ada hiyo haraka. Alikuwa anasoma sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Nairobi, baba mwanadiplomasia, mama daktari wa wanawake, mwenyewe anaongea lugha tano. Ndiye Iman, aliyekuja kuwa mwanamitindo mashuhuri duniani. Alipofika New York, magazeti yalikwisha kuambiwa kwamba Beard amemwokota porini anachunga mifugo. Yakaamini, yakaandika.

Najua mzee mmoja pale nyuma ananiuliza moyoni: kwani kuchunga ni aibu? Mzee wangu, mimi nimechunga mbuzi Chamwino mpaka darasa la sita, na makovu ya miiba ninayo. Mchungaji wa kweli anajua lambo gani limekauka na mbuzi yupi ana mimba. Huyo wasingemtaka, angewachosha kwa habari zake. Walimtaka msichana asiye na baba, asiye na ada, asiye na lugha, ili mzungu aonekane amemvumbua. Mifugo ilikuwa pambo tu. Na wahariri hawakuuliza hata swali moja, kwa sababu maelezo ya picha walikuwa nayo kichwani siku nyingi, yanangoja sura ya kubandikiwa. Nimelisema hili mpaka mke wangu analikariri jikoni.

Haya, Aprili 2008. Jalada la Vogue ya Marekani, jarida la mitindo: LeBron James, mchezaji wa kikapu, kaachama ananguruma, mkono mmoja mpira, wa pili kiunoni kwa mwanamitindo mweupe, Gisele Bündchen. Ndiye mwanamume mweusi wa kwanza kwenye jalada hilo. Watu wakakumbuka bango la jeshi la Marekani la 1917, sokwe kambeba mwanamke mweupe. Mtaniambia mchezaji hunguruma, tena mpiga picha ni Annie Leibovitz, si mwanagenzi. Sawa. Waigizaji weupe, Richard Gere na George Clooney, walimtangulia kwenye jalada hilohilo. Wao walinguruma?

Naonyeshwa saa. Nilitaka kuwaeleza kadi za Kodak, kampuni ya filamu za picha, zenye sura ya mwanamke mweupe, ambazo maabara za picha zilipimia rangi, ndiyo maana picha za zamani zilituacha sisi weusi meno na macho tu. Basi. Na mpiga picha Tyler Mitchell, aliyempiga picha mwimbaji Beyoncé mwaka 2018, mweusi wa kwanza kupiga picha ya jalada la Vogue hiyo baada ya miaka 126. Nalo tuliache.

Ila ninyi wenye studio hapa mjini sitawaacha. Madirishani kwenu bibi harusi wa Kigogo ni mweupe kuliko shela yake! Na mwanafunzi wangu mmoja nilimtuma Hombolo akapige picha wakulima wa zabibu. Karudi na picha safi sana, mwanga wa jioni, bibi mmoja kakumbatia zeze.

Nikamuuliza, bibi huyu ameanza lini kupiga zeze?

"Hapigi, mwalimu. Nilimpa ashike."

Zeze umelipata wapi?

"Nilikwenda nalo kutoka mjini."

Na bibi alikuwa anafanya nini ulipomkuta?

"Alikuwa anachuma zabibu."